Kopo Lililonyamaza

Kila asubuhi Emelyne alikuwa wa kwanza kuingia darasani. Alifuta dawati lake kwa kitambaa alichotoka nacho nyumbani, kisha akapanga kalamu mbili, rula na wembe wa kuchongea penseli kama fundi anayejiandaa kuanza kazi. Dawati lenyewe lilikuwa la mbele kabisa, karibu na meza ya mwalimu. Hakuna mwanafunzi wa Darasa la Sita aliyethubutu kulikalia, hata wiki ile Emelyne alipougua malaria.

Na kusema kweli, nafasi ile aliistahili. Matokeo yakitoka, jina lake lilikuwa juu. Mama yake, Séverine, alikuwa mkulima wa mahindi na karanga pale Katumba, mwanamke asiyependa kujisifu. Lakini siku ya matokeo alizunguka kwa majirani kuomba chumvi hata kama chumvi ilikuwepo nyumbani. Majirani walijua amekuja kuulizwa habari za mtoto, basi wakamuuliza, naye akajibu huku akijifanya hana haraka ya kujibu.

Nyuma kabisa, kwenye dawati lililolegea mguu, alikaa Ngolo. Wazazi wake walikuwa wafugaji waliohamia kutoka Usukumani, na boma lao lilipakana na shamba la kina Emelyne. Ngolo alichelewa mara nyingi kwa sababu ilimbidi asaidie kukamua kwanza, na alipofika sketi yake ilikuwa imelowa umande hadi magotini. Kwenye mitihani jina lake halikuwa mbali na mkiani. Emelyne alimpenda, kwa namna ile tunavyowapenda watu wasioweza kutushinda.

Siku moja Mwalimu Pudensiana, mwalimu wao wa darasa, aliingia na mgeni. Alikuwa dada mrefu mwenye miwani, aliyeitwa Madamu Agatha, mtafiti kutoka chuo kikuu. Alieleza kwamba anatafiti jinsi watoto wanavyobuni vitu vipya, na jinsi shule inavyoweza kuwatambua watoto wenye vipaji ambavyo mtihani hauvioni. Kisha akaweka mezani kopo tupu la maziwa ya unga.

Akawaambia waandike kazi zote ambazo kopo lile linaweza kufanya, zile walizowahi kuziona na zile wasizowahi kuziona. Hakuna jibu moja sahihi, akasema, na hakuna maksi.

Emelyne alidhani huo ni mtego. Alipekua kichwani mwake somo la makopo, asilipate, kwa sababu hakuna mwalimu aliyewahi kulifundisha. Mwisho aliandika kwa mwandiko wake mzuri: *Kuhifadhia maziwa. Kuhifadhia sukari.* Akapiga mistari kwa rula, akaweka kalamu chini, akakunja mikono. Alikuwa amemaliza wa kwanza, kama kawaida. Alipogeuka akamwona Ngolo bado ameinama anaandika, akamhurumia. Muda si mrefu Ngolo akanyoosha mkono kuomba karatasi nyingine.

Kesho yake Madamu Agatha alirudi na karatasi zile zikiwa zimesomwa. Alichomoa moja iliyokunjamana pembe, akaanza kuwasomea. Kopo likitobolewa chini ni la kumwagilia miche ya tumbaku bila kuing'oa. Likifunikwa juu ya mche wa nyanya, kuku hawaufikii. Likizikwa ardhini mdomo ukabaki wazi, panya anayekuja kula karanga anatumbukia. Na la mwisho, likifungwa shingoni mwa ndama na kitu kidogo ndani, linakuwa kengele.

"Ndama zetu kila mmoja ana kopo lake," Madamu Agatha alisoma. "La mmoja lina kokoto, la mwingine lina mfupa, la Mtundu lina msumari. Nikiwa nakata kuni sina haja ya kutazama. Ninasikia nani anakula hapa na nani anaelekea kwenye mahindi ya watu."

Mtu mmoja akapiga makofi na wengine wakafuata. Ngolo alijificha uso kwa viganja. Emelyne naye alipiga makofi, mara mbili tu, kwa vidole. Alikuwa akisubiri karatasi yake isomwe. Haikusomwa. Kabla hajajizuia mkono wake ulikuwa juu.

"Madamu, naomba kuuliza. Mbona ameandika vibaya? Mimi nimeiona karatasi yake, msumari ameandika *musumali*."

"Nimeona," Madamu Agatha alijibu kwa upole. "Hilo atafundishwa, atajua. Leo nilikuwa natafuta kitu kingine."

Wenzake wawili watatu walicheka. Hawakumcheka Ngolo. Emelyne aliketi, masikio yakimwaka moto.

Tangu hapo hakuwa na raha. Mwalimu Pudensiana akimsifia kwa hesabu, sifa ilikuwa haina ladha. Wakati wa mapumziko, watoto waliomzoea yeye sasa walimzunguka Ngolo, wakimletea makopo, vizibo na mbegu, wakimwomba awasikilizishe. Emelyne alikaa kwenye ngazi za darasa akila muhogo wake peke yake, akijiambia kwamba kutikisa makopo ni mchezo wa watoto wa chekechea. Alijiambia mara nyingi, lakini roho haikuacha kumuuma. Alikuwa anamwonea mwenzake gere, na alilijua hilo, jambo lililozidi kumkasirisha.

Ngolo wala hakuona. Alimfuata pale kwenye ngazi, akakaa pembeni yake, akamweleza jambo ambalo hakuwa amemwambia mwanafunzi mwingine. Mvua zikikatika, baba yake, Mzee Manyanda, angehamishia mifugo upande wa Ugalla kutafuta malisho. Alitaka kumwondoa Ngolo shule ili aende kuwapikia wachungaji. Mwalimu Pudensiana alikuwa amekwenda kumsihi amwache mtoto kwa shangazi yake, hapo hapo Katumba, amalize shule ya msingi. Mzee alijibu kwamba mtoto wa mkiani anamaliza nini.

"Lakini amekubali kungoja Jumamosi," Ngolo alisema. "Madamu Agatha anakuja nyumbani kuangalia makopo yakifanya kazi. Ikienda vizuri atanipeleka Mpanda mjini, kwenye mkutano wa walimu, nikawaonyeshe. Baba akiona kazi yangu ina maana, ataniacha. Niombee, Emelyne."

Emelyne alisema atamwombea. Hakumwombea.

Ijumaa jioni, jua likiwa bado juu ya miti, mama yake alimtuma kwa kina Manyanda kuchukua mtindi. Ngolo alimpokea kwa furaha. Ndama walikuwa wameshaingia zizini na makopo yalikuwa yametundikwa kwenye uzio, maana yakibaki shingoni usiku mtu halali. Kila moja lilikuwa na kamba yake ya katani. Ngolo alimwambia afumbe macho, akatikisa moja baada ya jingine. Kokoto lilisema kwa ukali. Mfupa ulisema taratibu, kama mtu anayegonga mlango wa mwalimu mkuu. Msumari ulilia juu, mwembamba, ukakaa masikioni.

"Huyu ni Mtundu," Ngolo alisema. "Yule mtamba mwekundu. Yeye ndiye wa kuchungwa, wengine wote wanamfuata tu. Mwaka jana nani aliwalia mahindi yenu? Ni yeye. Ndiyo maana nilianza na kopo lake."

Emelyne aliyakumbuka mahindi yale. Alikumbuka pia mama yake na Mzee Manyanda wakigombana mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Kumbe wakati wakubwa wanagombana, Ngolo alikuwa ameketi mahali fulani akitafuta dawa ya ugomvi, na ameipata ndani ya kopo. Wazo hilo lingeweza kumfurahisha. Badala yake lilimchoma, kwa sababu halikuwa lake.

Ngolo aliingia ndani kumimina mtindi. Emelyne alibaki peke yake kwenye uzio, mkono mfukoni, vidole vikiugusa wembe wa penseli. Kukata kamba yote lingekuwa kosa la mtoto mdogo, wangeiona asubuhi wakafunga nyingine. Aliigeuza kamba ya kopo la msumari, akaikata upande wa ndani, ule unaolala kwenye manyoya, akaacha uzi mmoja ushikilie. Ngolo alipotoka na kibuyu, Emelyne alipokea, akashukuru, akaondoka bila kutazama nyuma.

Jumamosi Madamu Agatha na Mwalimu Pudensiana walikaa kwenye vigoda bomani, wakapewa maziwa. Watoto kadhaa wa darasa walikuja kutazama, na Emelyne akiwamo, kwani asingekuja wangejiuliza. Mzee Manyanda alisimama kando, fimbo mabegani, uso wa mtu anayetimiza ahadi. Ndama na mitamba waliachiwa kwenye vichaka vilivyo nyuma ya boma. Ngolo alisimama amewapa mgongo, kitambaa kimefungwa machoni.

Mwanzoni ilikuwa ajabu. Kopo lililia vichakani, Ngolo akataja jina na upande, watoto wakachungulia, wakakuta ni kweli. Madamu Agatha aliandika haraka haraka. Hata Mzee Manyanda alishusha fimbo. Emelyne alitega sikio. Sauti nyembamba ya msumari ilisikika mara moja, ikasikika tena mbali kidogo, kisha ikakoma.

Ngolo aliinamisha kichwa. Akageuza sikio huku na huku.

"Mtundu simsikii," alisema.

"Amelala chini huyo," baba yake akajibu.

"Hapana, baba. Hata akilala anatikisa shingo kwa sababu ya nzi. Simsikii kabisa. Ameondoka."

Mzee Manyanda alitazama vichakani. Migongo myekundu ilikuwa mingi na majani yalikuwa marefu. Akasema anamwona yule pale, amesimama. Ngolo akasisitiza kwamba huyo ni mwingine. Mzee akapoteza uvumilivu. Akamwambia Mwalimu Pudensiana, kwa heshima lakini bila kuficha, kwamba ameona alichoitiwa. Kopo limenyamaza na mtoto amekosea. Mvua zikikatika Ngolo angesafiri na wenzake.

Ngolo alifungua kitambaa. Hakulia. Alibaki ameshika kitambaa kile kwa mikono miwili, akitazama chini. Emelyne alikuwa amelingoja jambo hilo tangu jana. Alidhani lingemtuliza. Badala yake alitamani ardhi ipasuke.

Kabla mtu hajanena, sauti ya mwanamke ilisikika kutoka upande wa mashamba. Séverine alikuwa anakuja, khanga imefungwa kiunoni, akimswaga mbele yake mtamba mwekundu aliyekuwa bado anatafuna bua la hindi. Shingoni hakuwa na kopo.

"Mzee Manyanda, tuliahidiana nini mbele ya mwenyekiti?" aliuliza. "Mistari miwili yote imeliwa. Mahindi ndiyo kwanza yanabeba."

Watu wote walianza kusema pamoja. Mzee aliomba radhi, watoto wakakimbilia vichakani kutafuta kopo, na mmoja wao akarudi nalo akilitikisa. Madamu Agatha alilipokea, akaikagua kamba, akampa Ngolo. Ngolo aliipitisha vidoleni. Kamba za katani alizisokota mwenyewe, alijua zinavyochakaa na zinavyokatika. Iliyochakaa huacha nyuzi ndefu na fupi. Hii ilikuwa imekatwa sawasawa, ikabaki uzi mmoja tu uliovutika.

Aliinua macho, akatazama watu mmoja mmoja, na macho yake yakafika kwa Emelyne, yakakaa hapo. Emelyne aliona kwamba Ngolo ameshajua, na kwamba hatamsema. Hilo ndilo lililomvunja.

"Ni mimi," alisema. Sauti ilitoka ndogo, ikambidi arudie. "Nimeikata mimi, jana, kwa wembe. Ngolo hakukosea. Kopo halikukosea. Mama, mahindi yameliwa kwa sababu yangu."

Séverine alimtazama binti yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Mwalimu Pudensiana alimuuliza kwa nini. Emelyne alitafuta sababu nzuri, asiipate, akaisema ile ya kweli. Alisema kwamba aliona wivu, kwamba tangu karatasi ile isomwe alihisi amenyang'anywa kitu chake. Kisha akalia.

Aliyeanza kusema alikuwa Mzee Manyanda, naye hakuongea na Emelyne. Alimgeukia bintiye.

"Ng'wana wane," alisema, na wote walielewa kwamba anasema mwanangu, "wewe ulituambia ameondoka. Ulikuwa umefumbwa macho. Mimi nilikuwa nimeyafumbua, nikakubishia."

Ngolo aliitikia kwa kichwa.

"Kopo likilia umemjua. Likinyamaza umemjua pia. Mimi nimechunga tangu sijaota meno ya pili, na leo nimepotewa na mtamba mbele ya macho yangu." Alikuna kichwa, akamwambia Mwalimu Pudensiana kwamba shangazi wa mtoto ana nafasi, na kwamba neno la safari amelifuta.

Kisha akamgeukia Séverine kuhusu mahindi. Séverine alimkatiza. Alisema safari hii aliyemfungulia ng'ombe ni mwanawe, basi mwanawe atapanda maharage kwenye mistari ile kwa mkono wake, na atayapalilia Jumamosi zote wenzake wakicheza.

Madamu Agatha alimwita Emelyne kando, wakaketi kwenye gogo. Emelyne alitarajia kugombezwa.

"Siku ile ya kopo uliandika kazi mbili," Madamu alisema. "Kwa nini uliishia pale?"

"Sikuwa nimefundishwa nyingine."

"Na kukata kamba upande wa ndani, ukaacha uzi mmoja ili ikatike baadaye, alikufundisha nani?"

Emelyne aliinamisha kichwa, akasema hakuna.

"Basi kichwa chako kinaweza kubuni. Kimeanza kazi jana, na kimeanza kwa kubomoa. Nimezunguka shule nyingi, Emelyne. Naona watoto hodari kama wewe wanaogopa kuwaza kitu ambacho hakijawekewa alama ya vema. Halafu mwenzao akiwaza, wanaumia. Wivu ulikuwa unakuonyesha kitu unachokitamani. Ungekwenda kwa Ngolo ukamwomba akufundishe, ungekipata. Umekwenda na wembe, umekosa chako na ulitaka kumkosesha chake. Sasa nenda ukatengeneze."

Emelyne alirudi bomani. Aliomba msamaha, na Ngolo akasema amesikia. Emelyne hakuondoka. Aliliokota kopo, akalizungusha mikononi, akawaza. Kwa mara ya kwanza hakutafuta jibu kwenye daftari lolote. Aliwaza kamba inayokatika, miiba ya vichakani, mvua inayoozesha katani. Kisha akakumbuka mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, ule ambao baba yake hufungia mzigo wa tumbaku. Ukikatwa mkanda mrefu, hauozi, na ukinaswa na mti unavutika tu.

"Ngolo," aliuliza kwa woga, "tukitumia mpira badala ya kamba?"

Ngolo alifikiri. "Utambana shingo akikua."

"Tuufunge kwa ndoano ya waya. Akikua tunasogeza."

Ngolo akasogea, akampa nafasi kwenye kigoda.

Mkutano wa Mpanda ulipofika, Ngolo alikwenda na makopo yake, yote yakiwa kwenye mikanda ya mpira. Aliporudi alisimulia kwamba walimu walifumba macho kama watoto, na wengi walishindwa kumtambua Mtundu. Alisema pia kwamba alipoulizwa kuhusu mkanda, alimtaja aliyeubuni.

Mvua zikakatika. Mzee Manyanda na ng'ombe wakubwa wakaelekea Ugalla. Ngolo alibaki kwa shangazi yake, akaachiwa mitamba michache kwa ajili ya maziwa, na Mtundu akiwa miongoni mwao.

Jumamosi moja Emelyne alikuwa ameinama akipalilia maharage yake. Upepo ulileta milio kutoka vichakani, na yeye hakuinua kichwa. Mara akatupa jembe, akakimbia hadi mwisho wa shamba, akasimama na fimbo mahali hasa ambapo mtamba mwekundu alitokeza pua. Mtundu alimtazama, akaona mambo si mazuri, akageuka.

"Hukuwa umetazama huko," mama yake alisema akistaajabu. "Umejuaje?"

"Nimesikia msumari. Ngolo amenifundisha yote, mama. Hata wa mfupa namjua."

Séverine aliegemea jembe lake. "Alichokuwa nacho amekugawia, na kwake hakijapungua," alisema. "Unaona sasa ulikuwa unapigania nini na wembe wako?"

Emelyne alirudi kwenye maharage yake. Aliliokota jembe, akaendelea. Jioni ile mama yake alijifunga khanga, akasema anapita kwa jirani kuomba chumvi. Chumvi ilikuwepo, mkebe mzima. Emelyne alimsikia toka uani akiulizwa habari za mtoto, naye akajibu, bila haraka, kwamba watoto wote wawili, Emelyne na Ngolo, hawajambo.